Mbio za farasi huamuliwa kwenye ndoo

JUMAPILI moja ligi ikiwa mapumzikoni, mhariri wangu aliniuliza kama nina viatu vya matope. Nikadhani natumwa uga fulani wa mashinani ambako mvua imeharibu mechi. Kumbe ni Ngong, kwenye uwanja wa mbio za farasi jijini Nairobi, ule ambao umekuwa pale tangu 1954. Mimi ni mtu wa kandanda. Farasi pekee niliyemfahamu vizuri ni yule aliye kwenye nembo ya Ipswich Town.

Nilifika mapema, saa kadhaa kabla ya mbio za kwanza. Mashabiki hawajaingia, majoki hawajavaa rangi zao. Nyuma, kwenye mabanda, nilimkuta mzee mmoja ambaye ni saisi, yaani mtunza farasi. Alikuwa ameinamia ndoo ya shayiri iliyolala kwenye maji usiku kucha. Akachovya mkono, akanusa vidole, akatikisa kichwa. Kisha akaibeba ile ndoo na kwenda kuimwaga yote nyuma ya banda.

Macho yangu mimi yaliona nafaka safi iliyolainika vizuri. Nikamuuliza, “Mzee, si hicho ni chakula?”

“Jana kilikuwa chakula, kijana wangu,” akanijibu. “Leo ni pombe.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Na kwa muda wa nusu saa hivi, mzee huyo alinifundisha jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye mkutano wowote wa wanahabari: kwamba mshindi wa mbio anaweza kuamuliwa na ndoo, na kwamba ndoo hiyo hiyo inaweza kuua.

Najua kuna msomaji anayetaka kufungua ukurasa mwingine. Farasi na soka wapi na wapi? Wacha nikukumbushe fainali ya Kombe la FA ya Aprili 28, 1923, ya kwanza kabisa kuchezwa Wembley, Bolton Wanderers dhidi ya West Ham United. Watu rasmi waliohesabiwa langoni walikuwa 126,047, lakini waliofurika ndani walizidi idadi hiyo kwa mbali, hadi uwanja wenyewe ukafunikwa na binadamu. Polisi aitwaye George Scorey, akiwa juu ya farasi wake Billie, ni miongoni mwa waliowasukuma watu taratibu hadi nje ya mistari. Mechi ilianza ikiwa imechelewa dakika 45 hivi, Bolton wakashinda 2-0, na hadi leo Waingereza huiita fainali ya farasi mweupe. Sasa fikiria Billie angekuwa anaumwa tumbo siku hiyo. Farasi anayesikia maumivu ya tumbo hujitupa chini na kugaagaa. Katikati ya umati ule, hilo lingekuwa janga.

Kwa hiyo tuanze na tumbo lenyewe, maana hapo ndipo mchezo ulipo.

Farasi mzima wa kilo 500 ni mnyama mkubwa mwenye tumbo dogo. Mfuko wake wa tumbo hubeba kama lita 8 hadi 15 tu, kiasi kidogo sana kwa mwili ule. Tena farasi hana uwezo wa kutapika. Mlango ulio juu ya tumbo lake unafungua upande mmoja tu: kinachoingia hakirudi. Wewe na mimi tukila kitu kibaya, mwili unapata nafasi ya kusawazisha. Farasi hana dakika za nyongeza.

Mnyama huyu aliumbwa kula nyasi kidogo kidogo kutwa nzima. Ndiyo maana kila mtunza farasi anayejua kazi yake huanza kwa kupanga nyasi, kavu au mbichi, kabla ya kugusa gunia la nafaka. Farasi wa kilo 500 anahitaji angalau kilo 7 na nusu hadi 10 za malisho makavu kwa siku. Nyasi ndizo kikosi cha kwanza. Nafaka, yaani oti, shayiri na mahindi, ni wachezaji wa akiba wanaoingia kuongeza kasi kwa farasi anayekimbia au kufanya kazi nzito. Tatizo letu sisi wanadamu ni kwamba tukimpenda mnyama tunataka kumshibisha nafaka. Tunaanzisha benchi lote halafu tunashangaa timu ikifungwa.

Nafaka ikizidi, kwa mfano zaidi ya kilo 2 au 2 na nusu kwa mlo mmoja, sehemu ya wanga wake hupita bila kusagwa hadi kwenye utumbo mkubwa. Kule kuna bakteria waliozoea nyasi. Wakipewa wanga mwingi ghafla, huuchachusha, tindikali na gesi vikapanda, na hapo balaa huanza. La kwanza ni msokoto wa tumbo. La pili ni uvimbe ndani ya kwato, ugonjwa ambao humfanya farasi asimame kama anayekanyaga makaa. Farasi anayekimbilia riziki yake akiharibika kwato, hana tofauti na winga aliyevunjika miguu yote miwili.

Mzee alinisimulia kisa cha farasi mmoja aliyemhudumia miaka mingi iliyopita, mahali pengine. Kijana wa zamu alisahau kufunga mlango wa ghala. Usiku farasi akatoka, akaingia ghalani na kula hadi akatosheka. Asubuhi walimkuta amelowa jasho, anapiga teke tumbo lake mwenyewe. Hakuuona usiku wa pili. “Hakuiba,” mzee alisema. “Sisi ndio tulimpa ufunguo.”

Sasa turudi kwenye ile ndoo iliyomwagwa. Kwa nini nafaka inalowekwa?

Shayiri na mahindi yana ganda gumu. Farasi mzee, au mwenye meno mabovu, huzimeza punje nzima na utaziona vilevile kwenye kinyesi. Maji hulainisha ganda, hupunguza vumbi linaloingia mapafuni, na humwongezea mnyama maji mwilini. Hayo ni mazuri. Lakini kuloweka hulainisha tu, hakupiki wanga. Ndiyo sababu shayiri na mahindi hupondwa au kupikwa ili tumbo liweze kuyasaga. Oti ni nyepesi zaidi, na farasi mwenye meno mazuri huitafuna nzima bila shida. Kusaga nafaka hadi iwe unga kabisa nako si jibu. Unga mkavu hugeuka gundi mdomoni na unaweza kumkaba farasi kooni.

Vyakula vingine ni hatari vikiliwa vikavu. Ulaya na Marekani hutumia sana makapi makavu ya viazi-sukari, yale yanayobaki baada ya sukari kukamuliwa. Yakipata maji huvimba mara kadhaa. Farasi akiyabugia makavu, hasa yale ya vidonge vigumu, yanaweza kukwama na kuvimbia kooni. Hayo lazima yalowekwe hadi yalainike kabisa, kwa kiasi cha maji na muda ulioandikwa kwenye gunia. Si kwa kukisia.

Kisha kuna saa. Nafaka ikishaingia majini, kipenga kimepulizwa. Bakteria na hamira za hewani zimeanza kazi, na joto ndilo linalozipa kasi. Kwenye baridi ya Nairobi mwezi wa Julai, ndoo iliyolowekwa jioni inaweza kuwa salama asubuhi. Kwenye joto la Mombasa, au Nairobi yenyewe mwezi wa Februari, ndoo hiyo hiyo huchacha. Kanuni ya watunza farasi ni rahisi: loweka kiasi cha mlo mmoja, kwenye maji safi na baridi, funika, weka kivulini, lisha ndani ya saa 12 kukiwa na joto, na kilichobaki kitupe. Usiongeze nafaka mpya juu ya mabaki ya jana. Sugua ndoo kila siku, maana utando unaobaki pembeni ndio hamira ya kesho. Povu, harufu kali, utelezi mkononi: hizo ni kadi nyekundu tatu, na moja inatosha.

Halafu kuna kitu ambacho maji yanaweza kukifanya kibaya zaidi. Mbegu za kitani, zile ndogo za kahawia zinazosifiwa kwa kung'arisha manyoya, zina kemikali ambayo ikikutana na maji ya uvuguvugu inaweza kuzalisha sayanidi. Wazee wa kazi hii walijua zamani: zikilowekwa, lazima zichemshwe sawasawa kabla ya kulishwa. Kuziacha kwenye maji vuguvugu usiku kucha ukidhani unazilainisha ni kucheza na moto.

Kuna desturi nyingine ya zamani ambayo nimeipenda kwa sababu inafanana na makosa yetu ya soka. Kwa miaka mingi watunza farasi wa Uingereza walikuwa wakiwapa farasi uji wa pumba za ngano mara moja kwa wiki, usiku wa kuamkia siku ya mapumziko, wakiamini unasafisha tumbo. Leo wataalamu wanasema kubadilisha chakula ghafla, hata kwa mlo mmoja, kunavuruga wale bakteria wa utumbo. Badiliko lolote lifanywe polepole, kwa siku 7 hadi 14. Tena pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo. Farasi akizila kwa wingi kila siku mifupa yake hudhoofika, na zamani farasi wa wenye vinu vya kusaga walijulikana kwa ugonjwa huo.

Desturi ile ilikuwa na chanzo chake. Farasi wa kazi walipumzika Jumapili lakini wakaendelea kupewa nafaka ileile ya siku za kazi. Jumatatu wakifungwa kwenye mkokoteni, misuli ilikakamaa, mkojo ukawa mweusi, wengine wakaanguka. Ukaitwa ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Dawa yake ya kwanza haikutoka chupani: siku farasi hafanyi kazi, punguza nafaka. Ni wachezaji wangapi wetu wanarudi kambini baada ya mapumziko wakiwa na ugonjwa huo huo?

Lakini sijachukua kalamu kuandika kuhusu uji wa pumba. Nimeichukua kwa sababu ya jambo moja ambalo mzee alilisema akisuuza ile ndoo: “Watu wanaloweka nafaka mbovu wakidhani maji yataiponya.”

Hapo nikanyamaza, kwa sababu nyumbani kwetu tuliwahi kuwa na punda.

Tulikuwa tukiishi Kirinyaga, na punda wetu alivuta mkokoteni wa maji na wa mpunga. Mwaka mmoja mvua ilinyesha wakati wa kuvuna mahindi, na magunia mawili yakapata ukungu. Hatukuyatupa. Nani hutupa mahindi? Mama aliyachambua, yale mazuri yakaenda jikoni, yale ya ukungu yakalowekwa kwenye beseni, yakasuuzwa, akapewa punda. Baada ya majuma machache punda akaanza kuzunguka sehemu moja kama amefungwa kwenye kigingi. Akasimama akiegemeza paji la uso kwenye ukuta, anausukuma. Siku mbili baadaye alikufa. Jirani alisema amerogwa. Baba hakusema kitu. Alibeba maji kwa baiskeli mwaka mzima.

Pale Ngong nilimsimulia mzee, na kabla sijamaliza akanikatiza: “Alisukuma ukuta?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Mahindi.”

Kuvu aina fulani wanaoota kwenye mahindi hutoa sumu iitwayo fumonisini. Binadamu na ng'ombe wanaweza kuila kwa kiasi fulani bila kuanguka siku hiyo. Farasi na punda ni dhaifu mno mbele yake: huharibu ubongo wao, ndipo wakazunguka, wakapofuka, wakasukuma kuta na kufa ndani ya siku chache au hata saa. Tiba yake haijulikani. Na sumu hiyo, sawa na mwenzake aflatoksini, haiondoki kwa kuchemsha kwa sufuria wala kwa kuloweka na kusuuza kiasi cha mtu kuamini chakula hicho. Ukungu unaouona unaweza kuupangusa. Sumu iko ndani ya punje.

Wakenya tunaijua aflatoksini kwa jina kwa sababu ya 2004, wakati watu 125 walipofariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Tulilia. Tukajifunza kukausha. Lakini somo tulilibeba nusu. Tukiona ukungu leo tunasema, “Haya si ya watu, wape wanyama.” Kana kwamba mnyama ni pipa la taka lenye miguu minne.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na sitaki kuufunga kwa kamba za maneno: mahindi mabovu si chakula cha mnyama. Yakiota kuvu, yazike au yachome. Ukimpa punda unamuua. Ukimpa ng'ombe wa maziwa, aflatoksini hupita hadi kwenye maziwa, na kesho inarudi mezani kwako ndani ya kikombe cha chai ya mtoto. Hujaokoa gunia. Umeahirisha mechi tu, na itachezwa nyumbani kwako.

Na mtu asije akadhani njia ya mkato ni kununua chakula chochote kilichoandikwa “mifugo”. Baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe huwekwa dawa iitwayo monensini. Kuku inamkinga. Farasi, kiasi kidogo tu kinaweza kumharibu moyo na kumuua. Ndoo ya kuku isiwe ndoo ya farasi, wala koleo moja lisiingie magunia yote mawili.

Kwa wale wanaosema haya ni mambo ya wakulima na si ya michezo, nendeni Ascot, Uingereza, mwaka 2014. Farasi aitwaye Estimate, mali ya Malkia Elizabeth II, alikuwa ameshinda Gold Cup mwaka uliotangulia. Mwaka huo akamaliza wa pili. Vipimo vikaonyesha mofini mwilini. Malkia katumia dawa za kusisimua? Hapana. Uchunguzi ulielekeza kwenye chakula kilichokuwa kimechafuliwa na mmea wa mpopi. Hata hivyo sheria ni sheria, Estimate akapokonywa nafasi yake ya pili. Kasri lote lile, mkufunzi mwenye jina kubwa, joki wa daraja la juu, na kilichowaangusha kilikuwa ndani ya chakula.

Ndiyo maana nilipokaa jukwaani baadaye siku ile, watu wakishangilia majoki, macho yangu yalikuwa yanamtafuta mzee. Alikuwa kando ya uzio, kaningʼiniza kamba begani, hakuna kamera iliyomwelekea. Mshindi alipigwa picha na mmiliki na joki. Aliyenusa ndoo alfajiri hakuitwa.

Kandanda yetu ina masaisi wake pia. Ni yule mama anayepikia kambi, yule kijana anayejaza chupa za maji kwenye mfereji uliojaa kutu. Nimesafiri na timu, sitaitaja, iliyowapa wachezaji chipsi za kando ya barabara saa mbili kabla ya mechi, na kipindi cha pili kipa wao akawa anatapika kando ya mlingoti. Mashabiki walimzomea. Hakuna aliyeuliza alikula nini. Angalau yeye aliweza kutapika.

Tunatumia kurasa hizi kuhesabu mabao, kadi na ada za uhamisho. Sawa, ndiyo kazi. Lakini mechi nyingi huwa zimepotea kabla refa hajatazama saa yake, na zimepotea mikononi mwa mtu asiyelipwa vizuri, asiyefunzwa, na asiye na mamlaka ya kusema “hapana, hiki hakiliwi”.

Nilichokiona kwa yule saisi si elimu tu. Ni mamlaka. Alimwaga ndoo nzima bila kumwomba mtu ruhusa, na hakuna mkubwa aliyemuuliza hasara ni ya nani. Farasi wake alichelewa kula asubuhi ile, akapewa nyasi kavu kwanza, na hakuna aliyekufa.

Mama yangu bado yuko Kirinyaga, na msimu huu mvua imenyesha tena wakati wa kuvuna. Nilimpigia simu jioni ile nikitoka Ngong. Nikamweleza habari za punda, polepole, nisije nikamtia lawama. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, “Kwa hiyo hata tukiyaosha?”

Nikamwambia, hata mkiyaosha, mama.